Marehemu Anafunga Dirisha

Mtaa mzima ulimwita Marehemu, naye akaitika. Muuza maziwa alimgongea mlango asubuhi, "Marehemu, umeamka?" na mwenyewe akajibu kutoka ndani, "Nimefufuka, subiri nivae."

Jina hilo alilipata kwa jasho lake. Alikuwa fundi wa mapazia, mjane mwenye cherehani moja sebuleni na majora ya vitambaa hadi chini ya kitanda. Lakini kwa miaka mingi, kila tamthilia ya runinga iliyohitaji maiti ilimtafuta yeye. Alikuwa na kipaji cha kutulia. Angeweza kulala kwenye jeneza huku nzi akimtembea puani, asitikise hata ukope. Mara moja tu alipiga chafya katikati ya maombolezo, na waombolezaji wawili wa kukodiwa wakatoka mbio za kweli.

Kilichomuuma kidogo ni kwamba hakuwahi kupewa nafasi ya kusimama. Na jambo jingine, ambalo hakumwambia mtu. Mumewe alipofariki, naye akaketi kando ya mwili, aliona kwamba kulala kwake kote kule hakukumfundisha lolote. Alidhani wafu wametulia. Yule hakuwa ametulia, hakuwepo tu. Alilifikiria hilo muda mrefu, sindano mkononi, na mapazia ya watu yakachelewa.

Kisha akaitwa kupima madirisha ya nyumba moja kuukuu. Alipofika akakuta nyaya zimetanda sakafuni kama mizizi, na watu wanabeba taa. Walikuwa wakitengeneza filamu ya kile kitabu cha kutisha ambacho kila aliyepita sekondari alikisoma akiwa amejifunika shuka. Hadithi yenyewe ni fupi. Mama aliyekufa anarudi nyumbani kila mvua inapokaribia, anafunga madirisha ili watoto wake wasilowane. Hamgusi mtu, hasemi neno. Watoto wanasikia komeo likiingia, basi. Lakini kuna watu wazima, wenye vyeo na matumbo yao, ambao hadi leo hawalali upande wa dirisha.

Mwongozaji wa filamu, kijana mwenye kofia asiyoivua hata akila, alimwona juu ya ngazi, mkono umeinuliwa penye komeo.

"Mama, usishuke. Baki hivyo hivyo."

"Nikibaki hivi bega litakakamaa milele."

"Ushawahi kuigiza?"

Fundi mmoja wa taa akacheka hadi akashika ukuta. "Bosi, huyo ni Marehemu! Amekufa kuliko sisi sote."

Alikuja kupima mapazia, akaondoka na nafasi ya mzimu. Mara ya kwanza maishani angekuwa mfu aliyesimama.

Mpambaji, mama mnene mwenye vidole vyepesi, alianza kumpaka tangu alfajiri: unga mweupe, wanja mzito kuzunguka macho, mishipa ya buluu shingoni, na meno ya bandia yaliyochongoka. Ilikuwa kazi ya saa nyingi, na kwa sababu ya saa hizo nyingi, mwenye uso huo huusahau. Marehemu alikunywa chai akiwa mzimu, akapiga umbea akiwa mzimu, akamshonea kijana wa kamera suruali iliyofumuka akiwa mzimu. Hakuna aliyeshtuka tena. Kila siku maji ya moto yaliwekwa tayari, akanawa, akaenda kwake.

Ila Alhamisi hiyo maji yalikatika, na mvua ya kweli ikatishia. Watu wakafungasha vyombo mbiombio. Marehemu alitoa meno akayatia mkobani, akajitupia mtandio, akapanda pikipiki. Dereva alikuwa akibishana na simu yake, hakumtazama. Walipofika, aligeuka kudai nauli. Akamwona. Aliondoka bila nauli, na kofia yake ya pikipiki ikabaki kichwani mwa abiria.

Marehemu alidhani kijana ana haraka. Akaivua ile kofia, akafungua mlango akicheka.

Ndani alikuwemo mjukuu wake, aliyekuwa akiangaliwa na jirani mchana, mtoto wa miaka mitano waliyemwita Chiriku, kwa kuwa mdomo wake haukupata likizo. Mama yake alikuwa muuguzi wa zamu, hivyo mtoto alikuwa amekulia mikononi mwa bibi, kati ya vipande vya vitambaa. Kila jioni alikuja mbio kupokea mkoba huku akiuliza maswali manne kwa pumzi moja.

Jioni hiyo pia alikuja mbio. Katikati ya sebule akasimama. Bibi akapanua mikono. Mtoto hakupiga kelele, na hicho ndicho Marehemu alichoshindwa kukisahau: hakupiga kelele. Alirudi nyuma polepole, akaingia chini ya meza ya cherehani, akakumbatia magoti.

Kioo cha ukutani ndicho kilichomwambia bibi amekuja na nani.

Alinawa, akajisugua hadi ngozi ikawaka. "Chiriku, ona, ni mimi. Bibi yako wa kila siku."

Chiriku akatikisa kichwa. Na Chiriku akanyamaza. Akiwa na mama yake alisema mawili matatu. Bibi akiingia, kimya. Alikula akiutazama mlango. Usiku alilowesha godoro, jambo ambalo aliliacha zamani.

Jumatatu mama yake Chiriku, binti wa Marehemu, alikuja na sare ya kazi mwilini, viatu mkononi.

"Mama, nimekaa kimya miaka yote. Shuleni waliniita mtoto wa Marehemu, nikanyamaza. Lakini huyu hapana."

"Ni filamu tu, mwanangu."

"Yeye anajua filamu ni nini? Nimeongea na mama mkwe. Jumapili nampeleka kwake, akae huko mpaka hofu imtoke."

"Kwa mkweo ni safari ya basi ya kutwa nzima. Utamwona lini?"

"Nikipata likizo."

"Na mimi?"

Binti akainama kuvaa viatu, na kamba zilimchukua muda mrefu kuliko kawaida.

"Nikiiacha hiyo filamu leo?" mama aliuliza.

"Ukiiacha leo, ataufuta ule uso kichwani leo?"

Binti alipoondoka, Marehemu alipiga magoti kando ya cherehani kwa shida, maana magoti yake yalikuwa na umri wao wenyewe. "Niambie, mpenzi. Uliogopa ule weupe?"

Mtoto akatikisa kichwa.

"Yale macho meusi?"

Akatikisa tena. Kisha, kwa sauti ndogo iliyokaa siku nyingi bila kutumiwa: "Nilijua ni wewe."

"Sasa kama ulijua ni mimi…"

"Ndiyo niliogopa. Nilijua ni wewe, halafu umekufa."

Kesho yake alienda kwenye ile nyumba kuaga. Aliwakuta mwongozaji na mwandishi wakitazama picha zilizokwisha kupigwa, nyuso zimewashuka. Mwandishi alikuwa dada mwembamba aliyekigeuza kitabu kile kuwa filamu, akiandika na kufuta kwa mwaka mzima. Nyuma yao mafundi wa taa walikuwa wanajizuia kucheka, na hawafaulu.

"Haitishi," mwongozaji alisema. "Tuongeze meno."

"Tumeyaongeza mara mbili. Sasa anafanana na mtu aliyemeza kinanda."

"Basi damu."

"Kaka, kitabuni hamna damu hata tone."

Marehemu akakohoa. Alisema anasikitika, hataendelea, mapazia atamalizia, na kwa kuwa walimtazama tu, akajikuta anaeleza kila kitu: pikipiki, kioo, meza ya cherehani. Hakutaka kufundisha mtu kazi. Alikuwa anajitetea tu, kama mtu anayeacha kazi na anataka aeleweke.

Mwandishi akainua kiganja. "Subiri, mama. Mtoto alisema nini?"

"Kwamba alijua ni mimi. Ndiyo maana aliogopa."

Dada yule akavuta kitabu chake, kimefumuka mgongo, akafungua bila kutafuta. Akasoma kwa sauti: "Walimjua kwanza, wakaogopa baadaye." Akakifunga. "Tangu shule naisoma hiyo sentensi. Nilidhani ni pambo."

Mwongozaji akavua kofia. Wengi walikuwa hawajui kama ana upara. "Kwa hiyo tumetumia magunia ya unga kumficha mama wa watu."

"Tumekificha kitu pekee kinachotisha," mwandishi alisema. "Sura yake."

Walikubaliana kuanza upya: uso wa kawaida, poda kidogo tu, midomo ififishwe rangi. Marehemu alisema hiyo ni habari njema kwao, yeye bado ana mjukuu anayempoteza Jumapili. Hapo ndipo mpambaji, aliyekuwa anaosha sifongo, alipogeuka.

"Mlete hapa. Aone uso unavyoingia, aone unavyotoka. Wanangu mimi nilianza nao hivyo, sasa hawaniogopi hata ninapopaswa kuogopwa."

Jumamosi binti alikuja kwenye ile nyumba na mtoto. Alikuja pia na begi la safari, limefungwa tayari, akaliweka mlangoni ambapo kila mtu angeliona. Chiriku alijificha nyuma ya sketi ya mama yake. Mpambaji hakumbembeleza. Alimpaka bibi shavu moja, akaacha jingine, akanung'unika kama anayeongea na kioo, "Mkono umechoka huu. Nani atanimalizia?"

Chiriku akapiga hatua moja. Kisha nyingine. Sifongo ikabadilisha mikono.

Aligusa shavu la bibi kwa ncha, akarudisha mkono, akautazama ule unga kidoleni. Akagusa tena. Na taratibu, kama bomba linapoanza kurudisha maji, kwanza pumzi halafu matone, maneno yakaanza.

"Bibi, mzimu anakula?"

"Huyu anakula. Tena ana njaa."

"Anaumwa meno?"

"Aliyatoa."

Chiriku akapaka kidogo. "Bibi, ukifa kweli utakuja kufunga dirisha?"

Binti akageukia ukuta. Marehemu alikumbuka mwili wa mumewe alioketi kando yake, na jinsi ulivyokosa kumjibu. "Hapana," alisema. "Nitakufundisha kulifunga mwenyewe. Tutaanza wiki ijayo, komeo la kwetu ni gumu."

Wakapiga picha alasiri. Alitembea sebuleni bila meno wala mishipa, mwanamke aliyesikia mvua akakumbuka watoto. Akainua mkono penye komeo. Kati ya mafundi wa taa hakuna aliyecheka. Mmoja alirudi nyuma hatua, akamkanyaga mwenzake. Mwongozaji aliposema "Kata!" Chiriku alichomoka, akamrukia bibi, akambandika kiganja shavuni.

"Umelifunga vizuri!"

Alipoteremshwa, alama za vidole vitano vidogo zilibaki shavuni, wazi katikati ya poda. Mpambaji alikuja na sifongo akigombana na dunia nzima.

"Usifute," mwandishi alisema.

Wote wakautazama ule uso. Mama aliyekufa, na mkono wa mtoto bado uko shavuni mwake.

Msichana anayehakikisha kila picha inafanana na iliyotangulia akainua kidole. "Samahani, lakini tangu tuanze hana hiyo alama. Tukiiacha, tunarudia zote."

"Tunarudia zote," mwongozaji alisema.

"Na kila siku iwe palepale?"

Mpambaji akashika kiuno. "Mimi mkono huo sina. Vidole vyangu ni ndizi."

Wakageuka kumtazama Chiriku, ambaye alikuwa tayari anamweleza fundi wa taa jinsi komeo linavyofanya kazi. Kisha wakamtazama mama yake. Muuguzi akaliendea begi pale mlangoni, akalibeba.

"Mnaanza saa ngapi?" aliuliza.

"Saa kumi na mbili asubuhi."

"Nitamleta nikitoka zamu. Ila mumnyamazishe nyie, mimi nimeshindwa."