Pedali ya Pili

Barua ilisomwa uani saa mbili asubuhi, mbele ya wanafunzi kumi na mmoja na mfagiaji. Mwenye shule ya udereva aliisoma mwenyewe, amesimama kwenye ngazi ya ofisi: mwalimu wa magari ya gia za mkono amesimamishwa kufundisha kwa kuwa ameunguza klachi ya gari lenye miezi saba. Alipomaliza aliikunja mara nne akamkabidhi mhusika, kama mtu anayerudisha chenji.

Mhusika huyo wanafunzi walimwita Mama Kioo. Kwa miaka ishirini na miwili hakuna aliyeondoa gari mbele yake kabla ya kutazama vioo vyote vitatu. Aliyesahau alishushwa, akalizunguka gari kwa miguu, akaanza upya. Viatu vyake vya kazi vilikuwa na soli nyembamba, kwani alishikilia kwamba mguu usioisikia pedali ni mguu wa kupanda basi. Hata mwenye shule alijifunza kwake. Alifeli mtihani mara mbili, na mara zote mbili ilikuwa ni kioo.

Kusimamishwa angekuvumilia. Neno “ameunguza” ndilo lililomkaa kooni. Mwalimu wa udereva hana kingine cha kuuza ila mguu wake, na sasa mguu huo ulikuwa umetangazwa uani kuwa mbovu.

Wiki tatu nyuma, gari lile lilianza kusumbua kwenye mteremko wa nyuma ya hospitali, ambako wanafunzi hufundishwa kuondoka wakiwa wanapanda. Injini ilinguruma, gari likajivuta kama mgonjwa, na harufu ya kuungua ikaingia ndani. Mama Kioo aliandika kwenye daftari la gari siku ileile kwamba klachi inateleza, gari lisimamishwe. Siku ya nne akaandika tena. Mwenye shule alijibu kwa mdomo kwamba gari jipya haliugui, labda mwalimu amezeeka. Gari likaendelea kutumika mpaka likakwama kabisa, mwanafunzi mmoja, mkunga mstaafu, akiwa kwenye usukani. Gereji ya waliouza gari ililifungua na kuandika mstari mmoja: pleti ya klachi imeungua kwa matumizi mabaya, dhamana haihusiki. Mwenye shule hakuuliza zaidi. Alikuwa amepata wa kumtupia lawama, na mvivu akipata hilo huona kazi imekwisha.

Mume wa Mama Kioo, fundi cherehani, alimshauri akae nyumbani siku mbili tatu hasira zipoe. Alijibiwa kwamba hasira zile si chai.

Mchana uleule alikuwa gereji. Karani wa mapokezi alimweleza kwamba wateja hawaruhusiwi kuingia ndani. Mama Kioo hakubishana. Aliketi kwenye benchi, mkoba magotini, akamkazia karani macho yale anayomkazia mwanafunzi aliyesahau kuwasha indiketa. Baada ya saa mbili karani alikuwa ameangusha kalamu mara tatu. Hatimaye fundi mkuu, mzee kidogo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, akatoka kunawa mikono.

“Dada, unasubiri nini hapa?”

“Nasubiri kuona nilichokiua.”

Fundi alicheka, kisha akaona mwenzake hacheki. Akamwingiza ndani.

Pleti iliwekwa mezani, nyeusi, imelika hadi kwenye ribiti. Mama Kioo aliigeuza mkononi na kukiri kwamba imekufa kweli. Kisha akauliza kama pedali zilikaguliwa. Fundi akasema yeye aliagizwa afungue gia, akafungua. Pedali hakuna aliyemtajia. Gari lilikuwa pembeni, limeshafungwa pleti mpya.

Gari la shule ya udereva lina pedali za ziada upande wa mwalimu, zilizounganishwa kwa waya na zile za mwanafunzi. Mama Kioo alijivunia kutozigusa. Miguu yake hukaa nyuma, kazi anaifanya kwa mdomo. Kila asubuhi hujaribu breki ya upande wake, maana breki ndiyo inayookoa watu. Klachi ya upande wake hakuwa ameigusa tangu gari lifike.

Sasa aliinama akaisukuma kwa mkono. Klachi inapaswa kuzama kidogo bure kabla ya kushika. Hii haikuzama hata kidogo. Waya ulikuwa umekaza kama kamba ya nguo iliyoanikwa mablanketi. Fundi akalala chali chini ya dashibodi na tochi, akatoka na uso mwingine.

“Huu waya ni mfupi,” alisema. “Ndio ulioikanyaga klachi hii miezi saba, hata gari likiwa tupu. Aliyeufunga ndiye aliyeunguza.”

Kwenye kibanio cha waya kulikuwa na rangi ya kijani. Gari la zamani la shule, lililouzwa kama chuma chakavu, lilikuwa kijani. Na mwenye shule alishajigamba kwamba pedali za gari jipya alizifunga mwenyewe Jumapili moja, eti kufunga waya hakuhitaji fundi.

Fundi aliuchomoa waya, akaandika aliyoyaona nyuma ya ripoti, akatia saini, akamkabidhi na gari. Karani alitazama pembeni.

Jioni mwenye shule aliisoma ripoti ofisini, akaenda kufunga mlango.

“Mama, tuyamalize humuhumu. Kesho urudi kazini. Tutasema ni yule mkunga aliyeiunguza. Yeye ameshastaafu, hana cha kupoteza.”

Mama Kioo mpaka hapo alikuwa amekasirika kwa ajili yake mwenyewe. Mtu huyu hakuwa anajutia kumchafua mtu. Alikuwa anatafuta wa kumchafua badala yake, na amemchagua asiyekuwepo chumbani.

“Uliisoma uani,” alisema. “Utaifuta uani.”

“Nikisema mbele ya wanafunzi nimekosea kufunga waya, nani atanisikiliza tena?”

“Haohao waliokusikiliza leo.” Akafungua mlango.

Kesho yake saa mbili, bila kuomba ruhusa, alilisimamisha gari katikati ya ua akaita wanafunzi wote. Aliwapitisha mmoja mmoja, kila mtu asukume pedali ya pili, ile klachi ya upande wa mwalimu, kwa mkono, kwanza waya ukiwa umechomolewa, kisha ukiwa umefungwa. Hakumtaja mtu. Alianza na kosa lake: miezi saba hakuikagua pedali hii, na mwalimu anayekagua nusu ya gari hana haki ya kumkemea mwanafunzi kwa kioo. Alisema hivyo bila kulegeza sauti.

Mkunga alikuwa wa mwisho. Aliisukuma, akashika kiuno.

“Ningekaza kitovu cha mtoto hivi, ningekuwa jela. Nani alifunga kitu hiki?”

Mwenye shule alikuwa ametoka, amesimama kwenye ngazi ileile. Mama Kioo alimgeukia na kumtazama kama alivyomtazama enzi zile anapokwama njia panda, bila kumsaidia kwa neno hata moja.

“Mimi,” alisema mwenye shule. Halafu, kwa kuwa macho yale hayakumwacha: “Si mwalimu, wala si mwanafunzi yeyote. Ni mimi. Barua ile nimeifuta.”

Mfagiaji aliacha kufagia. Mama Kioo aliitoa barua mkobani, bado imekunjwa mara nne, akapanda ngazi na kumrudishia mkononi. Hakumshukuru, wala hakumpa mkono. Aliuchomoa waya mfupi, akautupa kwenye pipa la takataka, akamwagiza aite fundi wa kufunga pedali kabla ya saa sita. Kisha akamwita mkunga kwenye usukani wa gari la pili.

Mkunga alikaa, akafunga mkanda, akashika gia.

“Shuka,” alisema Mama Kioo. “Vioo.”