Meza ya Drafti Yatekwa Woodley

Muthama alistaafu utarishi katikati ya jiji akabaki na kopo la vizibo vya soda na mpinzani mmoja. Zamani, saa ya chakula, wanaume walicheza drafti kwenye kadibodi nyuma ya maofisi, umati ukiwazomea. Vizibo vilivyofunikwa vyangu, vilivyofunuliwa vyako, vita vimeanza. Siku hizi pale wanaegesha magari, na wachezaji wamekufa au wamerudi mashambani. Amebaki Obuya, fundi viatu wa Kangemi, anayekutana naye kila Jumamosi kwenye meza ya barazani, ukumbi wa mtaa wa Woodley.

Jumamosi hii alikuta meza imetekwa. Vijana wenye kazi nzuri na ndevu za kuchongwa walikuwa wametandika kitambaa cha kijani chenye miraba, wakaweka vilima na msitu wa sponji, na mto wa karatasi ya bluu wenye daraja. Askari wa plastiki, wafupi kuliko kidole gumba, walikuwa wamepakwa rangi hadi vifungo vya koti.

"Sasa, mzee," alisalimu Fidel, mkubwa wao. "Tunapanga vita kidogo."

"Pangeni. Obuya akifika mnahama. Meza hii ni ya drafti."

"Sawa, mzee wetu."

Wakapanga. Watu wazima walipima msitu kwa rula, wakabishana kama farasi anapanda kilima au anazunguka, wakafungua kitabu cha sheria kinene kama Biblia, wakahamisha daraja, wakalirudisha. Jua likahama barazani na hakuna askari aliyekufa. Muthama alisonya. Kwa muda huo yeye na Obuya wangekuwa wameshapigana, wametukanana na kupatana. Hiyo ndiyo elimu ya sasa, kujiandaa mpaka jioni.

Obuya akatokea akilikokota goti lake bovu. Muthama akasimama na kutikisa kopo.

"Haya, ondoeni wanasesere!"

Obuya alikuwa ameshainama juu ya meza, mkononi ana mpanda farasi. "Huyu anakula hata akirudi nyuma?"

"Pande zote," Fidel akasema. "Mwenzetu mmoja hajaja, jeshi lake halina mtu. Ukitaka ni lako."

"Obuya! Utacheza na watoto?"

"Ngoja kidogo, omera, ndugu yangu. Wewe umenipiga tangu Krismasi. Hapa labda nitashinda."

Akaketi. Askari wake akawa anawaweka mraba huu, anaruka ule, kama vizibo vya drafti.

"Unaweza kujaza miraba yote, mzee," Fidel alimwambia.

"Hiyo mingine ni ya kupitia."

Vijana wakaangua kicheko. Muthama alifunika kopo lake, akaenda zake, akafika ngazini, akageuka.

"Mjinga wewe, kona umeiacha wazi! Watakumaliza."

"Basi njoo uizibe."

"Mimi? Nishike takataka hizo?"

Lakini alivuta stuli. Alitaka kumwona Obuya akichapwa na watoto, ili Jumamosi ijayo arudi kwenye drafti na adabu.

"Anzeni basi," akasema.

Fidel akafungua tena kitabu cha sheria.