Mtu wa Mwisho wa Msafara

Mwaka 1964, nikiwa na miaka tisa, taabu ilitukuta mihogo ikiwa bado mtoni. Mama alikuwa ameiloweka siku tatu, na anayeijua mihogo anaijua harufu yake siku ya tatu: kali, chachu, inaingia puani na kukaa humo mpaka kesho yake. Tuliondoka bila kuitoa. Kijiji chetu kilikuwa milimani, juu ya Ziwa Tanganyika upande wa Kongo, na vita vilikuwa vimeshafika kijiji cha jirani. Baba alikuwa amechukuliwa na wanajeshi awabebee mizigo, na mpaka leo hakuna aliyeniambia alifia wapi. Mimi nilikuwa darasa la tatu. Nalisema mapema ili msomaji asinitafutie elimu nisiyokuwa nayo: hilo ndilo darasa la mwisho nililokalia dawati. Mengine yote niliyonayo kichwani yaliingia kwa masikio na kwa mikono, na siombi radhi kwa mtu.

Tulikuwa watu kumi na wanne na hapakuwa na mwanamume mzima hata mmoja. Mama, aliyekuwa na miaka ishirini na saba, ndiye aliyetupanga. Yeye alitangulia, mdogo wetu wa kike mgongoni. Nyuma yake waliwekwa vikongwe wawili wa jirani, kwa sababu, alisema, tutatembea kwa mwendo wao, anayetaka kukimbia akimbie peke yake. Kisha wanawake wengine na watoto wao. Katikati alikaa mkubwa wangu Lubunga, wa miaka kumi na miwili, kifua kipana, kabeba sufuria yetu moja kichwani. Na nyuma kabisa, nyuma ya wote, nikawekwa mimi. Mama aliniinamia akanitia vijiwe mfukoni, akaniambia: "Wewe ndiye wa mwisho. Ukisikia kitu, usipige kelele. Mtupie kijiwe aliye mbele yako." Aliye mbele yangu angemgusa wa mbele yake, naye wa mbele yake, mpaka mguso umfikie yeye. Hakunieleza zaidi. Nilimtazama akienda mbele, mgongo wake ukapotea nyuma ya watu, nami nikabaki na njia tupu nyuma yangu.

Tulitembea siku kumi na moja. Nakumbuka majani marefu yaliyotukata mikono, na unyevu wa asubuhi uliolowesha nguo mpaka kifuani, na vikongwe wakinong'ona nyimbo za kanisani bila kutoa sauti, midomo tu ikicheza. Nakumbuka zaidi shingo yangu, maana iliniuma kwa kugeuka. Siku ya sita, jua likiwa utosini, nilisikia chuma kikigonga chuma, mbali, halafu karibu. Nilitupa kijiwe. Nilikitupa vibaya, kikampiga mama mmoja sikioni, lakini hakulia. Alimgusa wa mbele yake. Kufumba na kufumbua watu wote walikuwa chini kwenye majani, mdogo wetu kanyonyeshwa ili anyamaze. Wanajeshi walipita kwenye njia tuliyokuwa tumeiacha hatua chache nyuma. Niliona viatu vyao. Nilijikojolea. Walipokwisha kupita, Mama alisimama akasema twende, na tukaenda. Hakuna aliyenisemesha habari ya kijiwe. Lubunga, yeye, aliiona suruali yangu, akaicheka siku hiyo, na kesho yake, na kwa miaka ishirini iliyofuata.

Tulifika wote kumi na wanne. Misheni iliyotupokea ilikuwa na shule, na kila familia ya wakimbizi ilipewa nafasi ya mtoto mmoja. Mama alimpeleka Lubunga. Mimi alinipeleka kwa fundi cherehani wa hapo misheni, nikapewa kazi ya kuokota sindano sakafuni na kupiga pasi ya makaa. Nilikuwa najumlisha vizuri kuliko Lubunga. Hata kusoma nilimshinda. Kwa akili yangu ya miaka tisa niliunganisha mambo mawili nikapata jibu: njiani niliwekwa nyuma, shuleni nikaachwa nyuma. Kwa hiyo mimi ndiye ambaye Mama alikuwa tayari kumpoteza. Simba akija, anaanza na wa mwisho. Risasi ikija, vilevile. Jibu hilo nililibeba miaka sitini. Nilioa nalo, nikazaa nalo, nikahama nchi nalo. Nilimlisha Mama, nilimvika, nilimtumia nauli akaja kukaa nami, na siku zote niliogopa kumuuliza, kwa sababu angeweza kusema ndiyo.

Sasa nipo Johannesburg, mtaa wa La Rochelle, chumba cha mbele kinachotazama barabara. Nashona sare za kwaya, magauni ya harusi, suruali za walinzi. Miaka michache iliyopita Espérance, binti wa Kirundi anayefanya kazi kwenye ghala moja kule Midrand, alileta sketi ya kupunguzwa. Alinikuta nasikiliza redio ikibishana mambo ya mpira, akaniambia, "Papa, hivi huchoki na kelele hizi? Yapo masomo ya chuo kikuu, ya bure kabisa, unasikiliza tu." Nikamwambia chuo kikuu hakiruhusu watu wa darasa la tatu. Akacheka. "Simu haiulizi darasa, Papa. Lete hapa." Akaniwekea mihadhara ya profesa mmoja mstaafu, mzee mwenye sauti ya mafua, juu ya historia ya vita, na ya mwingine, mwanamke, juu ya falsafa ya siasa, yaani kwa nini watu hutawaliwa na nani ana haki ya kuwatawala. Yote kwa Kiingereza. Kiingereza changu nimekisoma kwa wateja: mikono, kiuno, urefu, Ijumaa iwe tayari. Mhadhara wa kwanza niliusikiliza mara tisa. Mara ya tisa nilielewa nusu, na nusu ile ilinitosha kutaka wa pili. Espérance alinieleza maneno magumu kila alipopita. Umeme ukikatika, nilihamia cherehani ya miguu na mhadhara ukaendelea. Wenzangu walinitania. Kinyozi wa mlango wa pili alikuwa akichungulia na kusema, "Eish, Jenerali, leo tunamshambulia nani?" Nilimjibu kwamba leo tunashambulia wavivu, aondoke mlangoni.

Mama, ambaye sasa ana miaka themanini na minane, hukaa kwenye kiti pembeni ya meza ya kukatia na kutoa nyuzi kwenye nguo zilizokwisha. Hajui Kiingereza hata cha kuombea maji. Alichoka kuona mtu mzima akitikisa kichwa peke yake, akataka aambiwe kinachosemwa. Basi nikawa namfasiria. Siku moja yule mwanamke alieleza hoja ya mwanazuoni wa zamani wa Ulaya kwamba watu wasio na serikali hurukiana na kuumizana, kwa hiyo ni afadhali wamkabidhi mtawala mmoja nguvu zote. Mama alisimamisha mkono na wembe wake.

"Huyo bwana aliwahi kukaa bila serikali?"

"Sidhani, Mama. Alikuwa na mshahara wa watu wakubwa."

"Mwambie sisi tulikaa siku kumi na moja. Sufuria moja, watu kumi na wanne. Nani aliumizwa?"

"Lakini wewe ulikuwa mtawala, Mama. Nani alikuchagua?"

"Hakuna. Waliokuwa na midomo walinyamaza, ikabidi niseme mimi." Akakata uzi. "Na tulipofika niliacha. Wewe uliniona nikiwaamuru watu wa misheni?"

Niliucheka ule wembe wa ulimi wake, lakini sindano yangu ilikuwa imesimama. Mimi nimeishi chini ya serikali nyingi, zile za kwetu na hizi za watu, na katika zote sijaona aliyeacha kwa sababu kazi imekwisha. Kuanzia siku hiyo nilimsikiliza profesa kwa sikio moja na Mama kwa jingine, na sitaki kusema ni nani alikuwa akishinda.

Kisha ukaja mhadhara wa kurudi nyuma. Ilikuwa baada ya chakula cha mchana, nashona kola za kwaya, kola arobaini, kazi ambayo mikono inaifanya yenyewe. Yule mzee mwenye mafua alisema watu hupenda kusimulia mashambulizi, lakini kinachompima kamanda ni kuondoa watu wake mbele ya adui bila kundi kusambaratika. Akaeleza jeshi moja la zamani lililorudi nyumbani kwenye theluji. Akasema kamanda mjinga huweka nyuma wale asiowataka, na kamanda mwenye akili huweka nyuma wale anaowaamini kuliko wote, kwa sababu maisha ya walio mbele yamo masikioni mwa wa mwisho. Mguu wangu uliacha kukanyaga. Nilirudisha mhadhara nyuma, nikasikiliza tena. Nikarudisha tena.

Mama akauliza, "Imeharibika?"

"Hapana." Nikazima simu. Nikauliza kama mtoto, mimi mzee wa miaka sabini mwenye wajukuu. "Mama, njiani ulimweka nani nyuma?"

"Si ni wewe?"

"Kwa nini mimi?"

Nilijua jibu nililolitaka. Nilikuwa nimeshalipokea kutoka kwa profesa na nilimngoja Mama alitie sahihi tu. Mama akanitazama kama mtu anayetafuta tundu la sindano.

"Kwa sababu ulikuwa mwoga," akasema.

Nikainamia kola zangu.

"Usininunie. Lubunga hakuwa anaogopa chochote. Ningemweka Lubunga nyuma, angekuwa anawaza kula. Wangemchukua, na sisi tungeendelea kutembea bila kujua. Wewe panya akipita ulikuwa unaamka. Unakumbuka? Nilitafuta kati ya watu wote mwenye kuogopa sana na asiyekimbia. Vikongwe wanaogopa, lakini hawasikii. Wale wanawake wanasikia, lakini wangepiga kelele. Ulibaki wewe." Akaokota vumbi la nyuzi kwenye sketi yake. "Kile kijiwe ndicho kilichotulaza chini."

"Nilijikojolea, Mama."

"Ulitupa kwanza, ukakojoa baadaye. Nani anajali?"

Basi nikacheka, na kicheko kikageuka kuwa kitu kingine, nikajifanya natafuta mkasi chini ya meza. Nilipoinuka nikauliza lile la pili, maana nilijua nisipouliza saa ile sitauliza kamwe. "Na shule?"

Hapo alirudi kwenye nyuzi zake. Gari la kuuza gesi lilipita barabarani likipiga kengele, mtoto akatumwa duka la spaza, akarudi, bado Mama hajajibu. Nilidhani amesinzia.

"Hilo nilikosea," akasema. "Niliona Lubunga mkubwa, nikafikiri mkubwa anasoma na mdogo ana muda wake. Muda wako haukuja. Niliona hivyo mapema, ukiwa bado kwa yule fundi, unasoma magazeti ya kufungia nguo. Niliona na sikusema." Kisha akaisukuma simu kuelekea kwangu juu ya meza. "Washa. Hao watu wa theluji walifika?"

Walifika wachache. Nilimwambia hivyo, akasikitika, akasema kamanda wao angewaacha wazee watangulie.

Lubunga alisoma, akawa karani, akavaa tai, akafariki akiwa hajapata uzee. Sikumwonea wivu kaburini na sitaanza leo. Yule mtoto aliyekuwa akigeuza shingo kila hatua nilimwonea aibu muda mrefu. Siku hizi nikimkumbuka namwona yuko kazini. Wajukuu zangu wanasoma shule zenye madirisha ya vioo, hawajui mihogo ya siku ya tatu inanuka vipi, na nataka ibaki hivyo. Lakini nawaambia kwamba babu yao anaweza kubishana na mtu yeyote juu ya haki ya mtawala, kwa Kiswahili au kwa Kiingereza cha viuno na mikono, na aliyekaa dawatini miaka mingi aje, kiti kipo.

Nilivyonavyo leo ni hivi. Cherehani tatu, mbili za umeme na moja ya miguu. Meza ya kukatia niliyoiunda mwenyewe. Pasi mbili, za umeme. Vyumba viwili vya kulala nyuma ya duka. Gari dogo linalowaka baridi ikiwa si kali. Mabinti wawili, mmoja mwalimu. Wajukuu watano ambao nikiwasemesha Kiswahili hunijibu Kizulu. Simu yenye mihadhara mia moja na kumi, yote nimeisikiliza, mingine mara tisa. Na Mama, aliyeongoza watu kumi na wanne bila kupoteza hata mmoja, akakosea jambo moja, na akalisema kwa kinywa chake mwenyewe. Kati ya wafalme na majenerali wote niliosomeshwa, waliofanya hilo la mwisho nawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja, na vidole vinabaki.