Kompyuta Waliyonichagulia

Siku baba aliponiambia kwamba ataninunulia kompyuta, alimtazama kaka yangu. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni pa sebule, na mwanafunzi nilikuwa mimi. Kaka yangu alikuwa amejinyoosha kwenye kochi. Alikuwa amemaliza kidato cha nne mwaka uliotangulia na hakuwa akisoma chochote. Baba akamwuliza, "Wewe wajua mambo haya. Ipi nzuri?"

Ni kisa cha zamani, cha mwishoni mwa miaka ya themanini, nyumbani kwetu mtaa wa Barani, Malindi. Nimejaribu mara nyingi kukisimulia kwa kucheka, kama rafiki zangu wanavyosimulia visa vya kwao, lakini kila nikifika hapo baba anapogeuza uso, kicheko hunikatika.

Nilikuwa nimepata nafasi katika chuo cha uhazili Mombasa. Nilikaa kwa mama mdogo, na Ijumaa moja moja nikirudi nyumbani. Chuo kilikuwa ghorofani, juu ya duka la vitambaa, na baada ya miaka mingi ya taipureta kilikuwa kimeanza kufundisha kompyuta. Mashine zilikuwa chache na sisi tulikuwa wengi. Ulipata muda mfupi tu wa kuandika, na mwenzako amekusimamia nyuma akikuhemea shingoni. Mwalimu wetu, mwanamke mkali mzaliwa wa Mombasa, alituambia kwamba mwenye uwezo wa kununua mashine yake anunue, ila awe macho. Kompyuta za wakati huo zilikuwa za namna namna na hazikusikilizana. Zile za chuoni zilihifadhi kazi kwenye diski, kipande chembamba cha plastiki unachokitia mdomoni mwa mashine. Nyingine, ambazo ndizo zilizojaa madukani, zilichomekwa kwenye televisheni na kuhifadhi kazi kwenye kaseti, kaseti zile zile za kusikilizia nyimbo.

"Ulichoandika kwenye hii, ile haikisomi," mwalimu alisema. "Msije mkanunua pambo."

Nilimweleza baba yote hayo. Nilimweleza polepole, kwa adabu, huku nimeshika ncha ya mtandio wangu. Aliitikia kwa kichwa mpaka mwisho, kisha ndipo akamgeukia kaka.

"Ya kaseti," kaka alisema. "Ile ina rangi. Hizo za diski ni maandishi matupu."

"Mimi nasomea hayo maandishi," nilisema.

"Mwache kaka yako aseme," baba akaniambia.

Tulikwenda Mombasa sote watatu. Duka lilikuwa la redio, pasi na feni, na kompyuta zimepangwa nyuma, karibu na kaunta. Muuzaji alikuwa kijana aliyevaa shati jeupe lenye kalamu mfukoni. Alimpa baba kiti, akamshika kaka yangu begani.

"Kijana anasomea nini?"

"Si yeye," baba alisema. "Ni huyu dadake."

"Aa, vizuri," muuzaji akajibu, na akaendelea kumwonyesha kaka. Akawasha televisheni. Pakatokea chombo cha angani kikirusha risasi, na kaka yangu, mtu mzima mwenye ndevu, akacheka kama mtoto.

Nikauliza, "Hii yasoma diski?"

Muuzaji akamtazama baba kana kwamba baba ndiye aliyeuliza. "Hii ni ya kaseti, mzee. Kaseti zapatikana kila mahali."

"Chuoni kwetu twatumia diski," nikasema. "Sitaweza kupeleka kazi yangu."

"Atazoea," kaka akasema.

Sikujua nitazoea nini. Nilitaka kuuliza, lakini baba alikwisha simama, na kwa baba kusimama kulikuwa ndio mwisho wa mazungumzo. Boksi likafungwa kamba. Njia nzima ya kurudi kaka alilipakata kifuani.

Ndani ya juma moja sebule yetu ikawa klabu. Vijana wa mtaa walivua viatu mlangoni, wakajipanga kwenye mkeka, na ile milio ya risasi ikawa haikomi ila kwa taarifa ya habari na swala. Nikiomba nafasi, kaka aliniambia, "Ngoja nimalize." Alikuwa hamalizi. Na hata nikipata, ilibidi baba akose televisheni yake, kwa hiyo ningeandika mistari michache tu kisha nisikie akikohoa nyuma yangu. Kurudi nayo Mombasa hakukuwezekana. Mama mdogo hakuwa na televisheni, na ya baba haikuondoka mahali pake.

"Utafanya mazoezi ukija likizo," baba alisema. Alisema kwa upole, na upole ule uliniuma kuliko ukali.

Mwisho wa wiki moja nilishinda nikiandika barua ya biashara tuliyopewa kama zoezi. Nilipenyeza saa zangu wakati kaka amekwenda kuogelea. Nikaihifadhi kwenye kaseti, maana sikuwa na pengine pa kuihifadhi, nikaenda nayo darasani nikitumaini kwamba labda mwalimu alitia chumvi. Mwalimu aliichukua ile kaseti, akaigeuza upande huu na upande huu.

"Hii ni taarabu?" aliuliza.

Darasa zima likaangua kicheko. Nilirudi kitini pangu na masikio yanawaka. Sikumchukia mwalimu, kwa kuwa yeye alikwisha sema. Niliwachukia wanaume wawili waliokuwa Malindi wakati ule, mmoja dukani kwake akiuza spea za baiskeli, mwingine akipiga risasi kwenye kioo.

Ijumaa nilifika nyumbani na kupitiliza jikoni bila kuvua buibui. Mama alikuwa akipaa samaki. Nikamwamkia, akaitikia, akanitazama.

"Umefanywa nini?"

Nikamweleza. Mama yangu hakujua kompyuta ni nini hasa, na kwa yale mambo ya sebuleni hakuwa na mazoea ya kuingilia. Wazee wake walikuja kutoka visiwa vya kaskazini, na kwao mwanamke husema neno lake pembeni, kwa mumewe, mlango ukiwa umefungwa. Alinisikiliza mpaka mwisho huku magamba yakimrukia mikononi.

"Kwani uliwaambia kwamba haifai?"

"Niliwaambia, mama. Hapa nyumbani, na dukani pia."

"Nao walisikia?"

"Walisikia."

Akarudi kwa samaki wake. Nilidhani yameishia hapo, nikakasirika na yeye pia.

Asubuhi, baba alipokwisha kwenda dukani, mama aliingia sebuleni amevaa buibui lake la kutokea. Kaka alikuwa ameketi mbele ya televisheni na rafiki zake wawili. Mama akachomoa waya ukutani. Kioo kikazima.

"Mama, ndio kwanza nafika—"

"Umeshafika," mama alisema.

Akaifunga mashine kwa leso, na waya zake, na boksi la kaseti, akaniambia tutoke. Rafiki za kaka walitafuta viatu vyao bila kuinua macho.

Miaka ile Kilifi hapakuwa na daraja. Basi liliingia kwenye feri, na abiria tulishuka na kupanda feri kwa miguu yetu. Mwanamume mmoja alitaka kumpokea mama mzigo. Mama alikataa, akashukuru, akaubeba mwenyewe mpaka ng'ambo. Mkono wangu niliounyoosha aliukataa vilevile. Alikuwa na hasira, na ndiyo kwanza nione hasira zake zikitoka nje ya nyumba.

Dukani Mombasa, muuzaji alinitambua, ila mama alikuwa mgeni kwake. "Mama, kitu kikishauzwa hakirudi," alisema, tena kwa adabu kabisa.

"Alikinunua nani?"

"Mzee."

"Amnunulie nani?"

"Mwanafunzi."

"Mwanafunzi ndiye huyu. Ulimwuliza ataka nini?"

Mama akavuta kile kiti walichompa baba, akakisogeza katikati ya njia ya kuingilia, akaketi na mzigo wake mapajani. Hakupaza sauti. Kila mteja aliyeingia alimwamkia, na mama alimjibu vizuri, kisha akamweleza: "Mwanangu wamemuuzia kitu alichosema hakitaki." Wengine walitoka. Wengine walibaki wasikilize. Adhuhuri ilipokaribia, mwenye duka, mzee wa makamo aliyekuwa ofisini nyuma muda wote, alitoka mwenyewe.

Mashine mpya ya diski hakukubali kutupa kwa kubadilishana. Alichokuwa nacho ni moja iliyotumika, ya ofisi fulani iliyofungwa. Ilikuwa ya kubebeka, hivyo ndivyo alivyoiita, ingawa ilikuwa nzito kama cherehani na ilifungwa kwa mfuniko kama sanduku la safari. Ukifungua mfuniko, ule ule ndio wenye vibonye vya kupigia chapa, na nyuma yake kuna kioo kidogo cha maandishi ya kijani. Herufi moja ya pembeni ilikuwa imefutika.

"Ijaribu," mama akaniambia.

Mkobani nilikuwa na diski ya chuoni. Niliitia, nikangoja huku mashine ikikoroma, na zoezi langu la juma lililopita likafunguka, maneno yangu mwenyewe, yote. Nilikuwa na furaha, lakini hasira ndizo zilizozidi: jambo lenyewe lilikuwa jepesi kiasi hicho, na lilihitaji mtu mmoja tu aniulize.

Jioni baba aliikuta meza ya televisheni tupu. "Nani aliwatuma?"

"Nilijituma," mama alisema, na wakaingia chumbani wakafunga mlango. Walizungumza nini sikuwahi kujua. Kaka aliniambia, "Umeninyima," na kwa miezi mingi salamu yake kwangu ilikuwa ya kutaka wazazi wasikie. Nimemnyima nini? Mpaka leo hajanieleza.

Ile mashine ya kijani niliisomea mpaka nikamaliza. Nikapata kazi katika ofisi ya hoteli moja pale Malindi, na mshahara wangu ulipoanza kuingia nyumbani, watu wakaanza kumpongeza baba. Sikukuu moja walikuja wageni, majirani na jamaa za baba, nami nikawapelekea kahawa. Baba alikuwa katikati ya maneno.

"Wenzangu walikuwa wakinunua zile za michezo," alikuwa akisema. "Mimi nikasema hapana, mwanangu nitamchagulia ya maana. Ya kubebeka."

Kaka alikuwa ameketi kando yake, akiitikia kwa kichwa.

Mama alikuwa kwenye mlango wa ndani. Alinitazama, akanikonyeza nikae kimya. Niliweka sinia chini.

"Baba," nikasema, "hukuichagua wewe. Aliifuata mama, na wewe ukamwuliza nani alimtuma."

Baba akacheka kidogo, akawaambia wageni, "Watoto wa siku hizi wasoma sana," nao wakacheka naye, kwa kuwa walikuwa wageni wake na kahawa ilikuwa bado haijamiminwa.

Niliiacha birika pale pale nikaingia ndani. Wajimiminie wenyewe.