Mke Mwenza wa Ukurasa wa Pili

Ngoja nicheke kwanza, halafu nisimulie, maana kila nikianza kisa hiki maneno yananikwama. Nilikuwa na miaka kumi na sita, na nyumba yetu ya Chumbageni ilikuwa imegawanyika pande mbili kwa ajili yangu. Baba alitaka nipelekwe kituo cha kurekebisha tabia za vijana, kule njia ya Maramba, nikae mwaka mzima ndani ya uzio, bila simu. Shangazi, dada yake baba, aliapa kwamba nikipelekwa yeye asihesabiwe tena katika ukoo huu. Mama alikunja nguo zangu, akazikunjua, akazikunja tena.

Sijidai malaika. Nilikuwa nimefukuzwa shule kwa kupigana, nimeshaonja mirungi, na siku mbili nzima nililala kwa rafiki yangu Makorora bila kuaga, huku mama akinitafuta mpaka mochwari. Hiyo ya mochwari niliambiwa baadaye, na hadi leo ikinijia naona aibu mpaka masikio yanawaka. Lakini siku ile niliingia mlangoni na jeuri yangu nikasema, "Kwani si nimerudi?" Baba alinitazama tu, hakunipiga. Kesho yake akaja na fomu.

Basi kikao juu ya kikao! Kila baada ya Alasiri watu wako barazani na chai ya tangawizi, wanalijadili jina langu. Baba alimtaja kijana wa mtaa wa pili aliyekwenda kituoni hajui hata kusalimia, akarudi anaamka alfajiri na kufagia uwanja. Shangazi akamrukia. "Anafagia, ndiyo! Umemwona mlango ukibamizwa? Anajikunja chini ya meza. Huyo karekebishwa au katishwa?" Baba akajibu kwamba afadhali mtoto mwoga kuliko mtoto kaburini. Hapo hata shangazi aliweka kikombe chini. Mimi niliyekuwa nyuma ya pazia nikisonya, niliogopa kweli. Sikutaka kwenda, na nilitamani mmoja wao aniulize, lakini kwa sifa nilizokuwa nimejipatia hakuna aliyefikiria kuniuliza.

Tangu wakati ule nimekutana na watu waliopona katika vituo kama hivyo, na nimekutana na waliovunjika humo humo. Sina fatwa ya kumpa mzazi yeyote. Nina fomu tu.

Ilikuwa na kurasa mbili. Wa kwanza aliuandika baba peke yake, kaufunika kwa mkono utadhani yuko kwenye mtihani. Wa pili ulitaka maelezo ya mzee anayeishi na kijana, yaani bibi, mama yake baba. Bibi anasoma Kurani bila miwani, lakini herufi hizi za shule hana habari nazo, kwa hiyo akaniita nimwandikie. Mimi mwenyewe, jamani! Mshtakiwa ndiye anayeandika ushahidi.

"Uhusiano wako na kijana?" nikasoma.

"Kwani hawajui?" akasema bibi. "Mke mwenzangu."

Ndivyo alivyoniita tangu nilipozaliwa, kama bibi yeyote amwitavyo mjukuu wake wa kike. Babu ni mume wetu, na tunamgombea kila siku ya Mungu. Nikaandika. Wallahi sikupanga ubaya, ila kicheko kilinibana, na nilikuwa sijacheka wiki mbili.

"Tabia yake nyumbani?"

"Ana wivu. Mume akisifia chapati zangu, yeye ananuna. Lakini tunasikizana."

"Maoni ya ziada?"

"Andika mume wetu ana miaka sabini na tisa na hajalalamika."

Nikaandika yote neno kwa neno, kwa hati safi. Bibi akaweka dole gumba. Baba akapiga picha kurasa zote mbili, wa pili hakuusoma, akazituma. Safari ilikuwa Jumamosi. Mama akaninunulia ndoo mpya yenye kifuniko.

Alhamisi tuko barazani, simu ikalia. Simu ya baba ilikuwa haisikiki mpaka uweke spika ya nje, kwa hiyo kila aliyempigia alizungumza na mtaa mzima.

"Baba, mimi ni matroni wa kituo," ilisema sauti ya mwanamke, imekaza. "Huyu binti hatumpokei. Sisi hatuchukui wake za watu."

"Mke wa nani?"

"Nakuuliza wewe! Unamwoza mtoto wa miaka kumi na sita kwa mzee wa miaka sabini na tisa, tena uke wenza, halafu unatuletea sisi? Hili nalipeleka ustawi wa jamii leo hii hii!"

Shangazi alijiziba mdomo kwa kanga. Babu, ambaye sikio lake huokota neno moja katika kumi, akainuka mkekani. "Nani kaoa? Mbona mimi sikualikwa?"

"Hajaolewa!" baba akapiga kelele. "Astaghfirullah! Mama matroni, nisikilize. Huyu ni mtoto! Mtoto kabisa! Mpaka leo akiumwa analala kashika sikio la mama yake, na dawa hanywi mpaka nimshike mkono mimi. Ndoa ataijulia wapi? Hata kuchuja tui hajui!"

"Mke mwenza ni mimi, mwanangu," bibi akaingilia kwa upole. "Mimi ni bibi yake."

Matroni akaangua kicheko. "Jamani! Na mimi bibi yangu Korogwe ananiita hivyo hivyo! Sasa mbona hamkuandika bibi?" Tukacheka sote, mama akacheka mpaka akakalia ile ndoo mpya, kifuniko kikapasuka.

"Haya baba, nimefurahi," akasema matroni akivuta pumzi. "Ila nisaidie. Ukurasa wa kwanza, kwa mwandiko mwingine, pameandikwa 'ameshindikana'. Sasa hivi unaniambia ni mtoto kabisa. Nimpokee yupi?"

Baba alisema atampigia, akakata. Mimi nilikuwa sijui kwamba baba kaniandikia neno lile, nikatazama miguu yangu.

Akaingia ndani, akatoka na fomu, akaja kukaa kando yangu.

"Unataka kwenda?" akaniuliza.

"Sitaki, baba."

"Mirungi utaacha?"

"Nitajaribu," nikasema.

Akanipa kalamu. "Futa."

Alinionyesha neno lile kwa kidole. Nikapitisha mstari mmoja, wa pili, wa tatu, mpaka karatasi ikatoboka. Nikafunua upande wa pili na kumwuliza, "Na huku kwa bibi?"

"Huko acha," akasema. "Huko hamna uongo."