Swali Nililouliza Siku ya Kuposa

Kwa miaka mingi jirani yangu seremala na mimi tulibishana juu ya vita vya Kongo, ng'ambo ya mto, na nusu ya mtaa wetu hapa Kamembe ilikuja kutusikiliza. Yeye alikulia Bukavu, akarudi Rwanda akiwa mtu mzima. Mimi nilishikilia kwamba vita vile vilikuwa vya haki, kwani asiyemzuia adui mlangoni atamkuta chumbani. Yeye aliweka randa chini na kunitazama kwa huruma.

"Mzee, wewe ile vita uliisikilizia ku radio, na chai mukononi."

"Na wewe uliikimbia!"

"Ndiyo, niliikimbia. Ndiyo maana niko hapa nakutengenezea kitanda."

Watu walicheka, nami nilicheka kuliko wote. Tulipendana hivyo. Binti yake alipoposwa, aliniomba mimi niwe msemaji wa familia.

Kwetu kuposa ni mashindano ya maneno. Familia mbili hukaa chini ya mahema yanayotazamana, na msemaji wa upande wa binti hutafuta kila kisingizio cha kumnyima: hatuwajui, mmekosea nyumba, binti yetu bado anasoma. Kila mtu anajua ni mchezo na kwamba mwishoni binti atatolewa. Kwa hiyo msemaji anaachiwa aseme karibu lolote.

Nilikuwa nimewachekesha watu kwa saa nzima. Kipaza sauti kilinilevya, mimi ambaye sijawahi kuonja pombe. Nikakumbuka kwamba desturi inamtaka baba wa binti anyamaze, yaani siku hiyo jirani yangu hangeweza kunijibu. Nikawageukia wageni.

"Kabla hatujawapa binti, tujibuni jambo moja lililotushinda mtaani. Vita vile vilikuwa vya haki, au havikuwa?"

Wachache walicheka. Shangazi wa bwana harusi, aliyemlea tangu baba yake auawe katika vita hivyo hivyo, aliinuka akaanza kukusanya vikapu walivyoleta. Habari za kifo kile nilikuwa nazo. Siwezi kusema sikujua. Nilizisahau kwa tamaa ya kumshinda rafiki yangu mbele ya watu.

"Maman, kaa," jirani yangu alisema, akivunja desturi. "Huyu mzee ni wetu. Ana kichwa nguvu, lakini moyo yake si mubaya."

"Papa, muntu wenu anatuuliza kama kaka yangu alikufa bure. Nimujibu nini?"

Niliacha kipaza sauti juu ya kiti, nikavuka uwanja ulio kati ya mahema, jambo ambalo msemaji hafanyi, nikasimama mbele yake.

"Dada, nimekosa. Nitozeni faini yoyote mtakayo."

Aliweka vikapu chini. Nyuma yake bwana harusi alikuwa ameshika magoti kwa mikono miwili.

"Faini ni hii: mutoe binti sasa hivi. Na wewe usiseme tena hata neno moja."

Uwanja mzima ulipiga makofi. Ndani ya nyumba tulisikia wasichana wakikimbizana na kuangusha vitu. Bi harusi akatoka mbio, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, nywele za upande mmoja bado hazijafungwa. Shangazi alimpokea, akamketisha, akamvika kiatu kwa mikono yake mwenyewe.

Walioana, na sasa wana watoto wawili. Jirani yangu hajanikemea hata siku moja. Bado tunabishana, na sehemu kubwa ya niliyoyaamini bado nayaamini, ila siku hizi natazama kwanza nani yuko karibu. Lakini binti yule na wenzake walikuwa wamefanya mazoezi kwa wiki tatu, ili atoke polepole, kwa nyimbo, akitanguliwa na wasichana waliobeba vikapu. Hakuna aliyeimba. Nilipomwomba msamaha alicheka.

"Babu, si niliolewa? Inatosha."

Inamtosha yeye.