Kisahani Nilichokifukiza Moshi

Harufu ya plastiki iliyoguswa na moto, ikichanganyika na moshi wa nyasi kavu, hunirudisha kijijini Keza, jikoni kwa bibi. Wengine wakiinusa hukunja pua. Mimi hutabasamu, na nitawaambia kwa nini.

Nilikuwa darasa la sita Mwalimu Justina alipotuletea gofu ya visahani. Mchezo wenyewe ni rahisi: unarusha kisahani cha plastiki, unakifuata kilikoangukia, unarusha tena, hadi kiingie kapuni. Anayemaliza kwa mirusho michache ndiye mshindi. Kapu letu lilitengenezwa na fundi baiskeli kwa ringi kuukuu na minyororo inayoning'inia. Kisahani kikiigonga, ililia kama baiskeli inayoteremka mlima.

Visahani vya kurushia mbali tulivitumia kwa zamu. Lakini cha karibu, cha kusogelea kapu na kutumbukizia, kila mmoja alitakiwa achague chake na kukizoea, maana Jumamosi watoto wa Nyakahura walikuwa wanakuja kushindana nasi. Asiye na chake hachezi.

Nilichagua chekundu, kipya, kinachong'aa. Wekundu ndio uliokuwa ushahidi wangu wote wa ubora. Kumbe kikigonga minyororo kinaruka nje. Nikikitupa jirani na kapu, kinateleza kwenye nyasi na kulipita.

"Bado kigumu," mwalimu alisema. "Cha karibu kinataka ulaini kidogo, kishikike vizuri na kitulie kinapoangukia. Kitalainika kwa kurushwa, taratibu."

Taratibu? Jumamosi ilikuwa keshokutwa! Nami nilijua namna ya kuzoesha chombo kipya. Bibi alivifukiza vibuyu vyake vya maziwa kwa moshi wa nyasi mpaka ubichi uishe. Basi Ijumaa, alipoteremka shambani, nikakiinamisha chekundu changu juu ya nyasi na makaa, nikasubiri kwa imani kamili.

Kilijikunja kama jani la mgomba juani.

Bibi aliporudi alikishika kwa vidole viwili. "Mjukuu wangu, kibuyu kimezaliwa shambani, moshi kinaujua. Hiki kimezaliwa wapi?" Akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akaniambia, "Kipeleke mwenyewe. Usimtume mtu."

"Shikamoo, mwalimu," nilisema, mikono nyuma.

"Marahaba. Haya, toa hicho unachokificha."

Nilieleza yote, hata habari za vibuyu, nikijua nafasi yangu imekwenda. Aliuma midomo asicheke, akafungua mfuko wake na kupanga visahani vitatu mezani. "Fumba macho. Juzi uliyauliza macho. Leo uliza mkono."

Cha kwanza kilikuwa kinene mno, vidole havikukizunguka. Cha pili ukingo wake ulinichoma kiganja. Cha tatu kilikaa. Ukingo butu, umekwaruzika, plastiki inakubali ukiibonyeza. Na juu kulikuwa na kibonde kidogo cha kidole gumba, kikubwa kuliko kidole changu. Nilipofumbua macho nikakuta ni cha rangi ya majivu, kibaya kweli. Nilikichukua hivyo hivyo.

Siku ya mashindano mvulana mmoja wa Nyakahura aliniuliza, "Dada, hicho ni kisahani au kifuniko cha sufuria?"

"Subiri uone kinafunika nini," nikamjibu.

Mrusho wangu wa kusogelea ulianguka hatua saba kutoka kapuni, ukatulia pale pale. Nikaweka kidole kwenye kile kibonde, nikarusha bila haraka. Minyororo ikalia. Kisahani kikabaki ndani, na yule mvulana akawa wa kwanza kupiga makofi.

Baadaye walimu nao walicheza. Mwalimu Justina, ambaye hatukuwahi kumwona akikosa, alikosa kapu mara nne kwa kisahani kipya cha bluu. Tulimcheka waziwazi, mimi kuliko wote.

Leo nawafundisha mchezo huu watoto wa Nyantakara, na nawafumbisha macho wanapochagua. Juzi nilikiinua juani kisahani ninachokitumia tangu nianze kazi, nikaona kidole changu gumba kimekichimba kibonde. Kibonde cha namna hiyo hakitoki kiwandani. Huchimbwa na mtu mmoja, kwa kisahani kimoja, miaka mingi.

Nikakaa chini kwenye nyasi, nikahesabu tena yale makapu manne aliyoyakosa Mwalimu Justina kwa kisahani kipya cha bluu.